Ushuhuda wa Goti la Maman Eulalie

Maman Eulalie alikuwa amechoshwa na watu wa mtaa wake wa Cimpunda. Kila mlango aliobisha, mwenye nyumba alikumbuka ghafla kwamba ana maharagwe motoni.

"Kila mutu iko na sufuria ku moto!" alinung'unika, akishuka kilima na begi lake la pomadi.

Pomadi ile ilikuwa ya kuchua mwili. Kampuni ilimpa kazi ya kuiuza na kuwatafuta wengine waiuze chini yake. Aliyemwingiza humo aliitwa Thierry. Thierry alijiita parrain wake, yaani msimamizi kama yule wa ubatizo, na kila asubuhi alimtumia sauti kwenye simu: "Maman, témoignage! Bila ushuhuda watu habanunuake. Sema goti yako imepona!"

Goti lilikuwa halijapona. Lakini Eulalie alisimama katika shirika, pale majirani Wakatoliki wanapokutana kusali, wakati wa kutoa ushuhuda.

"Goti yangu iliniuma miaka tatu," alisema. "Nilipakaa hii pomadi siku tatu tu. Bwana asifiwe, imepona!"

Sala ilipokwisha, mvua ilikuwa imenyesha na ngazi za udongo zinateleza. Eulalie alishuka upande upande, mkono ukutani, akilia kila ngazi, "Yoo, Mungu wangu!" Shirika zima lilikuwa nyuma yake, linatazama.

Tangu siku hiyo maharagwe hayakutoka motoni. Kilichomuuma zaidi ni Séraphine, rafiki yake wa miaka kumi. Hata yeye alianza kumkwepa.

Siku moja hasira zilimpeleka sokoni Kadutu, kwa Maman Fabiola, muuza sambaza, dagaa wa ziwani.

"Watu ya huku beko na wivu!" Eulalie alifoka, baada ya kumsimulia yote.

"Wivu ya nini? Ya goti?" Fabiola alicheka. "Ushuhuda iko ya mambo yako, maman. Weye ulitoa ya Thierry."

"Parrain wangu ndiye alinifundisha."

"Parrain gani huyo? Ule wa ubatizo anatufundishaka kusema kweli."

Kabla Eulalie hajajibu, mama mmoja aliinama kwenye beseni. "Hizi sambaza ni za leo?"

"Za leo ni hizi," Fabiola alisema. "Zile ni za jana. Ukizitwala, uzikaange leo leo."

Mama yule alinunua za jana, akashukuru, akaenda zake. Eulalie alimgeukia Fabiola.

"Weye mwenyewe unasema ni za jana?"

"Nikimudanganya, atanunua mara moja. Kesho ataambia soko yote. Sasa niambie, pomadi yako inasaidiaka nini?"

Eulalie alijua maneno ya Thierry tu.

"Jipakae kwanza," Fabiola alisema. "Uangalie inafanya nini. Useme ile tu. Usikimbilie kila mutu, tafuta mwenye inamufaa. Ukimuuzia, rudia umuulize. Na ukimwingiza mutu mu kazi, umuambie na ugumu yake."

Eulalie aliondoka amenuna, kwa sababu ukweli unachoma. Lakini alijipaka majuma mawili. Goti lilibaki vilevile. Mabega tu, yaliyochoshwa na begi, yalipata nafuu kila jioni.

Alirudi kwenye shirika na kusimama tena.

"Nilisema bongo, niliwadanganya. Goti haijapona. Pomadi inasaidia mabega yenye kuchoka, basi."

"Tuliona, maman!" Séraphine alisema. "Ngazi zilituambia!" Wote walicheka, hata Eulalie.

Thierry alipiga simu akifoka. "Maman, unaua kazi!"

"Acha ife, kama inaishi kwa bongo," Eulalie alijibu, akakata.

Tangu hapo aliwaendea akina mama wanaobeba mizigo bandarini, wenye mabega ya kazi. Baada ya juma alirudi kuwauliza. Mmoja alitokwa na vipele. Eulalie alimwambia aache, akachukua kopo lake na kumrudishia pesa. Wenzake waliona, wakaendelea kununua.

Kisha mguu wa Séraphine ukavimba. Muuzaji mwingine alimwahidi kwamba pomadi ileile itauponya kwa siku tatu. Séraphine alimwita Eulalie.

"Weye unasema nini? Nipakae?"

Begi lilikuwa limejaa makopo.

"Hapana," Eulalie alisema. "Mguu yenye kuvimba haitake pomadi. Inataka munganga. Vaa kiatu, twende centre de santé."

Muuguzi wa kituo hicho cha afya alisema ni vizuri wamekuja mapema, akampa Séraphine dawa. Jioni ileile, majirani wote wa shirika walipata ujumbe wa Séraphine kwenye simu:

"Mukiletewa pomadi yoyote, kwanza mumuulize Eulalie. Mie aliniambia hapana, na begi yake ilikuwa imejaa."

Eulalie hakuuza hata kopo moja siku hiyo. Kesho yake simu yake ililia kabla hajanywa chai: jirani wa kwanza alitaka kumuuliza kuhusu pomadi.