Kabichi za Kokwijuka na Chupa ya Nondo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kokwijuka alikagua kabichi zake. Ilikuwa mwaka 1953, naye alisoma darasa la tano huko Buganguzi. Miche thelathini aliipata kwa Mwalimu Rugemalira, akaipanda pembeni mwa kibanja, shamba lao la migomba, mahali ambapo mama yake, Ephrasia, alizoea kupanda maharage.

“Sehemu hii ni yako mpaka mvua zijazo,” mama alimwambia. “Kabichi zikishindwa, nang’oa. Matundu hayaliwi.”

Sasa mvua zilikaribia, na matundu kwenye majani yaliongezeka. Kokwijuka hakutulia. Aligeuza kila jani, akawatoa viwavi wadogo wa kijani, akakata majani yaliyoharibika. Vyote alivitupa chini ya migomba, hatua mbili tu kutoka hapo. Ndivyo alivyofundishwa: maganda, magugu na majani hurudi kibanjani kuwa mbolea. Lakini kila baada ya siku chache, viwavi walikuwapo tena.

“Dada, unafuga kabichi au viwavi?” Mujuni, mdogo wake, alimtania. “Maana viwavi ndio wanaonenepa.”

Kokwijuka hakucheka. Siku hiyo wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu.

“Shikamoo, Mwalimu. Viwavi nawatoa kila siku. Mbona hawaishi?”

“Marahaba. Ukishawatoa, unawapeleka wapi?”

Akamweleza. Mwalimu alimpa chupa tupu. “Tia humu jani moja la pale unapotupa, ufunge kwa kitambaa. Usiniambie unachodhani. Niambie utakachoona.”

Jani alilochukua lilikuwa na vifuko vitatu vidogo vyeupe, kama vilivyofumwa kwa uzi wa pamba. Siku ya kwanza hakuna kilichotokea, wala ya pili. Kokwijuka aliitazama chupa asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne mama alishusha kikapu cha mbegu za maharage, akachukua jembe.

“Mama, subiri hadi kesho tu!”

“Kesho, basi. Si kesho kutwa.”

Asubuhi iliyofuata vifuko vilikuwa vimepasuka, na nondo watatu wa kijivu walikuwa wakipapatika ndani ya chupa.

“Wametoka kwenye majani niliyotupa,” Kokwijuka alisema. “Wanarudi kutaga mayai kwenye kabichi.”

Ephrasia aliigeuzageuza chupa. “Kumbe tuliwatunza sisi wenyewe! Haya, majani yale yote yaende motoni. Maharage nitayapanda upande wa juu.”

Tangu siku hiyo kuku walilishwa viwavi, na majani yenye vifuko yakachomwa. Kabichi ishirini na mbili zilifunga vichwa vizuri.

Mwalimu Rugemalira alileta darasa zima kuziona. “Kurudisha majani kibanjani ni desturi nzuri, na migomba hii ni ushahidi,” alisema. “Lakini jani lenye wadudu si mbolea. Kokwijuka hakuwa mvivu hata siku moja. Kazi yenu isipozaa, msikimbilie kuongeza nguvu. Chunguzeni kwanza mnavyoifanya.”

Ephrasia alikuwa amesimama nyuma ya wanafunzi, jembe begani.

“Mwalimu,” aliuliza, “miche mingine ipo?”