Tumbaku Iliyorudishwa

Basi la Kilosa lilimwaga abiria stendi ya Mikumi saa saba mchana, wauza korosho wakigombania madirisha. Tumwagile, fundi cherehani, alishuka na furushi la sare za kwaya za mteja wake. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolibana kiunoni kwa mkono wake mwenyewe. Mara kamba ya furushi ikakatika. Alipoinama, mkono mwingine ulimuwahi.

"Acha nikubebee, fundi."

Sauti ile aliijua. Zamani ilikuwa ikimsubiri nje ya kanisa lao Kilosa baada ya mazoezi ya kwaya, Sironka akiwa amejifunga lubega jekundu, Biblia kwapani. Leo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Fimbo tu ndiyo ilikuwa ileile.

"Sironka! Kumbe uko hai?"

"Nipo, mama. Na wewe bado unafoka vilevile."

"Na wewe bado unatoroka vilevile?"

Waliingia mgahawani, wakaagiza chai ya maziwa. Hakuna aliyeinywa. Tumwagile alikumbuka jioni walizotembea kando ya reli, yeye akilalamika, "Punguza mwendo, mimi si ng'ombe!" Pale relini ndipo walipoomba pamoja, wakakubaliana kumngoja Mungu awape ndoa kwa wakati wake. Ah, siku zile zilikuwa tamu jamani.

"Uliniambia nisubiri, utatuma wazee," alisema. "Nimesubiri miaka minne. Namba yako haipatikani. Sasa Jumapili natakiwa kumjibu Damiano, yule mgane wa kanisani."

"Niliwatuma, Tumwagile. Baba yangu mdogo, Mzee Meshaki, alikuja kwenu na tumbaku. Mkairudisha."

"Tumbaku gani?"

"Ya uchumba. Kwetu Wamasai inatangulia tumbaku, maneno baadaye. Ikirudishwa, mwanaume haulizi tena. Niliona aibu, nikatupa laini, nikahamia huku kuuza dawa za mifugo."

Tumwagile alikuwa ameshampigia mama yake simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika. Mama, kuna mzee wa Kimasai aliwahi kuja nyumbani na tumbaku?"

"Yule! Zamani hizo. Nimemkaribisha kiti, hajasema hata shida yake, kanitolea ugoro! Nikamwambia hii ni nyumba ya wokovu, biashara yake apeleke sokoni."

"Mama, alikuja kunichumbia."



"Mungu wangu," mama alisema kwa sauti ndogo. "Kila Ijumaa nafunga, naomba akuletee mume. Kumbe alishamleta, nami nikamfukuza mlangoni!"

Tusimlaumu sana mama wa watu. Wengi wetu tunapiga magoti tukiomba, na mgeni akibisha hodi tunakasirika kwamba anatukatiza maombi.

Tumwagile alifuta macho kwa upindo wa mtandio. "Una mke?"

"Nina ng'ombe."

"Nimekuuliza mke, Sironka!"

"Sina. Kila mwaka baba ananitajia binti, namwambia bado naomba."

"Ulikuwa unaomba nini, na namba umeitupa?"

"Nilikuwa naomba kamba ya furushi ikatike."

Tumwagile alicheka huku akilia, na muuza chai akageuka kuwatazama. Alasiri ileile alimpigia Damiano, akamweleza ukweli wote kwa adabu. Damiano alishusha pumzi, akamtakia heri. Alikuwa mtu mwema, na neno lile lilimuuma Tumwagile njia nzima ya kurudi Kilosa.

Jumamosi mbili baadaye, Mzee Meshaki aliketi sebuleni Kilosa kwenye kiti kilekile cha siku ile. Alikuwa amezeeka, sasa anatembea kwa kushikwa mkono. Alisalimia, akatoa kifurushi chake bila kusema lolote. Tumwagile alikuwa akichungulia nyuma ya pazia.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Harufu ikampanda puani, akapiga chafya tatu mfululizo.

"Siivuti, mzee wangu, wala siinusi," alisema machozi yakimtiririka, "lakini safari hii hairudi."