Amplifaya ya Kyalo

Purity alimkuta mumewe saa kumi na dakika arobaini, Jumamosi jioni, aliporudi kutoka Gede na kapu la nyanya zilizokosa wanunuzi. Kyalo alikuwa chali chini ya meza, fuvu limebonyea juu ya sikio la kushoto. Kando yake ilikuwa nyundo aliyoundia maboksi ya spika zake, imeganda damu na nywele. Ukelele wa Purity ulisikika mtaa mzima wa Muyeye.

Sajini Mbeyu alipofika saa kumi na moja na robo, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Watu wawili walikuwa wamemwona Chengo, fundi redio, akitoka mbio kwenye ile ploti ya vyumba vya kupanga saa kumi na dakika kumi, shati lina damu. Walimkamata bombani akijiosha. Purity mwenyewe alimpiga kwa mchi wa kinu, akamvunja vidole vitatu vya mkono wa kulia. Katika kundi lililokusanyika, mmoja alikuwa na tairi, mwingine na chupa ya maji iliyojaa petroli.

Mbeyu alipiga risasi moja hewani, akamshika Chengo ukosi, akamburuta hadi chumbani kwa marehemu. Purity akawafuata. Konstebo Cherop akasimama mlangoni na bunduki.

"Gari la kutusaidia liko wapi, afande?"

"Ndiyo kwanza linatoka Marafa. Lipe saa nzima."

"Mlango huu haumalizi saa."

Huko nje walikuwa wakiimba, "Mtoeni! Mtoeni!" Mbeyu hakuwahi kuwapenda watu wenye uhakika. Babu yake alikatwa mapanga shambani kwake kwa kosa la kuwa na mvi, eti mchawi, na waliomkata walikuwa na uhakika hivyohivyo. Aliapa moyoni kwamba huyu hatachomwa, hata ikibidi achomwe naye.

Akaangaza macho chumbani. Kyalo alikuwa dobi wa hoteli moja ya ufukweni, na kwa miezi minane alikuwa akiunda mtambo wake wa kwanza wa muziki, kidogo kidogo kama ndege ajengaye kiota. Maboksi mawili ya mbao yalisimama ukutani na matundu yao matupu. Spika zenyewe zililala mezani, nyuso juu, kingo zimebanwa pande zote kwa vibanio vya nguo. Mbeyu alipogusa ukingo mmoja, gundi nyeusi ilifuata kidole chake na kuvutika. Palikuwa pia na bisibisi, skrubu nne ndani ya kifuniko cha soda, chupa ya spiriti, na mabonge ya pamba yenye madoa ya kahawia. Alilinusa bonge moja, akalisugua. Lilikuwa na damu, lakini si ya leo. Ilikuwa kavu, ya zamani, imelainishwa na spiriti.

Katikati ya meza, ndani ya vumbi la mbao, palikuwa na mraba msafi. Kitu kikubwa kilikuwa kimekaa pale, na sasa hakikuwapo.

"Amplifaya," Purity alisema huku meno yakigongana. "Asubuhi ilikuwa hapo. Huyu muuaji ameiba!"

Mbeyu akamgeukia Chengo. Jasho lilikuwa likimtoka kwa maumivu.

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kutazama gundi, afande. Hizo spika nilizivika sponji mpya za ukingoni saa tatu asubuhi, hapa hapa. Saa kumi nikarudi kuzitazama. Nikamkuta yuko chini. Nikamwinua kichwa, nikaona ubongo. Mwenehu, ndugu yangu, nikakimbia."

"Kwa nini hukupiga kelele?"

"Damu imenijaa shatini, nipige kelele nani aniamini?" Akatazama vidole vyake. "Si umeona walivyoniamini?"

Jiwe likapiga bati la paa. Mbeyu alikimwaga sakafuni kikapu alichokamatwa nacho fundi: koleo, waya wa risasi wa kulehemu, kopo la gundi. Kisha akafungua mlango kidogo na kuwauliza wale mashahidi wawili Chengo alitoka na nini.

"Hicho kikapu tu," walijibu kwa pamoja.

"Amplifaya ina uzito gani, fundi?"

"Ile? Kilo kumi na tano. Chuma kitupu. Kikapuni haiingii."

Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano akamwita jirani wa chumba kinachopakana, Mwenda, dalali wa vitu vya nyumba za Wazungu wanaohama. Ndiye aliyemuuzia Kyalo ile amplifaya. Aliingia akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Ulikuwa wapi mchana, bwana Mwenda?"

"Chumbani, nimelala. Kulala gani lakini! Kuanzia saa tisa na nusu Kyalo alikuwa anajaribu mtambo wake. Ile besi, ukuta ulikuwa unatetemeka mpaka kikombe kikaanguka. Saa kumi huyu Chengo akaingia, mziki ukakatika mara moja. Nikajua ni mambo yao ya ufundi."

"Kwa hiyo saa kumi Kyalo alikuwa hai."

"Hai kabisa."

"Spika zote mbili zililia?"

"Zote. Nikikudanganya nife!"

Mbeyu akamwonyesha meza kwa kidole chenye gundi.

"Ni hizi hapa?"

Mwenda alizitazama, kisha akamtazama Chengo. Uso ukamparama.

"Fundi, mweleze," Mbeyu alisema.

"Gundi hiyo inataka siku na usiku wake," Chengo alisema polepole. "Ukizipiga kabla, sponji inachomoka. Nilimwambia Kyalo mpaka kesho baada ya kanisa. Na waya zenyewe sijaunga, tazama."

"Basi... basi ilikuwa redio," Mwenda alisema.

"Redio gani?" Purity alimkazia macho. "Sisi hatuna redio. Simu ninayo mimi. Mwenda, ulisikia mziki gani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwenda iliishia pale pale mezani. Alinyakua bisibisi na kumrukia Mbeyu. Chuma kilimzama mkononi chini ya kiwiko, kikagusa mfupa. Mbeyu aliguta, akampiga kitako cha bastola usoni, mara mbili, mpaka pua ikalala upande na meno mawili yakaanguka juu ya vumbi la mbao. Cherop akamfunga pingu, goti likiwa shingoni.

Cherop alichepuka hadi chumba cha pili, na chini ya kitanda cha Mwenda, ndani ya gunia, akaikuta amplifaya, akaileta. Kifuniko kilikuwa hakijarudishwa skrubu zake. Upande mmoja kona ilikuwa imebonyea, na ndani ya matundu ya kupitishia hewa palikuwa na damu kavu na unywele mmoja mweupe.

Mbeyu aliutazama ule unywele mweupe. Wiki tatu alikuwa akimtafuta aliyemuua mzee Mwambire, bawabu wa nyumba moja ya ufukweni. Alikuwa ameuona mwili ule, kichwa kimepondwa kwa kitu kizito chenye kona, na kitu chenyewe hakikupatikana.

"Ulimpiga mzee nayo kichwani ulipoiiba," alimwambia Mwenda. "Kisha ukaipangusa nje, ukaiuza rahisi kwa dobi maskini. Ulifikiri hataifungua."

Mwenda alitema damu. "Nani hufungua kitu kinacholia vizuri? Nilimwambia ni nzima. Yeye anasema ataisafisha ndani, vumbi linaharibu sauti! Saa nane na nusu akaniita. Ananionyesha pamba. Anauliza, hii damu ya nani? Anasema anaenda stesheni."

"Nawe?"

"Alinipa mgongo avae viatu. Nyundo ilikuwa karibu. Halafu watu wakaanza kurudi, sikuweza kuitoa ploti. Nilipomwona Chengo anakimbia, nikasema Mungu amenipa mtu."

Purity alitoa sauti ambayo Mbeyu hakutaka kuisikia tena maishani. Nje waliisikia, na habari ikapita mlangoni upesi kuliko moto. Kundi lile lile likageuza jina. "Mwenda! Mtoeni Mwenda!" Bawaba ya juu ikang'oka. Mbeyu, damu ikimchuruzika hadi vidoleni, alisimama mbele ya muuaji aliyemchukia kwa moyo wote, akawaelekezea bastola.

"Wa kwanza kuingia namlaza hapa. Nusu saa iliyopita mlikuwa na uhakika na Chengo."

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma kidogo, kisha king'ora cha gari kikasikika kutoka barabara kuu, na watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mtu akijifanya alikuwa anapita tu.

Chengo alikuwa ameketi sakafuni, ameukumbatia mkono wake. Purity alimpigia magoti.

"Nisamehe, shemeji. Nisamehe. Hospitali nitalipa mimi."

"Vidole vitapona, ama havitapona." Chengo alizungumza bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Purity zaidi. "Miaka sita nakula kwenu, Purity. Kila Krismasi. Ungeniuliza tu."