Mashine Iliyotolewa Kumbukumbu

Rafiki yangu mmoja, fundi wa mifumo ya kompyuta, si mtu wa kuzusha mambo. Alikuwa amebadilisha makufuli, yaani amri zinazozuia programu mbili zisiguse kumbukumbu moja kwa pamoja, na mashine ya majaribio ikaganda. Akashuka chumba cha mashine kuizima. Chumba kilikuwa giza totoro, feni ya mashine tu ikivuma.

Akampigia simu mkuu wake. "Dada, naizima hii mashine."

"Mdogo wangu, unazima nini? Chipu zake za kumbukumbu nilizitoa asubuhi. Ziko hapa mezani kwangu, na bila hizo haiwezi kufanya kazi."

Akapapasa, akachomoa waya wa umeme. Feni ikanyamaza.

Alipogeuka aondoke, waya ungali mkononi, feni ikaanza kuvuma tena, polepole. Skrini ikaandika: "Kufuli limefunguka."