Mwenye Jina Amefika Kilioni

Ko!

Sauti moja tu, ya kisigino cha buti kikigonga sementi, kama askari anaposimama wima mbele ya mkubwa wake. Wanawake waliolala sebuleni, juu ya magodoro ya kilio, walifungua macho. Nje, chini ya hema, wanaume waliacha kucheza karata.

"Ni nani anavaa buti saa hii?" Chancelle alinong'ona.

"Ni Papy tu," jirani mmoja akajibu. "Ule akikunywa, hata ndala yake inalia kama buti."

Wakacheka, mikono midomoni. Mama Fidélie, mjane, hakucheka. Alikuwa ametambua wakati sauti ilipotoka: ni pale Chancelle, mjukuu wake, alipombembeleza mtoto wake mchanga, akimwita baba kwa lugha ya kwao: "Lala, Kalenga. Lala, tata."

Mtoto huyo alikuwa na siku sita. Alizaliwa katika nyumba hii hii, nyumba ya zamani ya kampuni ya madini, mtaani Dilala, siku ileile mzee Barnabé Kalenga alipokata roho. Kwa hiyo wakampa jina la marehemu, kama Waluba wafanyavyo, ili mzee arudi kwao. Hakuna aliyemuuliza mjane. Nani angekataa heshima kama hiyo?

Asubuhi mtoto hakunyonya. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu, na nguo zake zilinuka udongo mbichi na kutu. Muuguzi alimpima, akampima tena, akasema haoni ugonjwa.

"Lakini mutoto iko baridi, mama," Chancelle alilia. "Baridi kama chuma!"

Saa nne jeneza lilifika kutoka mochwari, limefunikwa bendera, medali juu yake. Jua lilikuwa kali. Pikipiki za teksi zilipita barabarani zikipiga honi. Tharcisse, mtoto wa kwanza wa marehemu na baba yake Chancelle, karani mwenye sauti nzuri, alisimama chini ya hema kusoma historia ya maisha ya baba yake.

"Barnabé Kalenga alizaliwa Lubudi..."

Ko!

Watu walitazamana miguu. Mikononi mwa Chancelle, mtoto wa siku sita alinyoosha miguu yote miwili, akabana mikono mapajani, akainua kidevu. Alisimama wima akiwa amelala.

Tharcisse aliinua karatasi yake, akaendelea. Alisoma jinsi baba yake alivyotoka hai katika vita vya sabini na nane, wenzake wakibaki porini upande wa Kisenge. Alisoma miaka yake ya kuendesha treni ya madini, na watoto tisa ambao hakuna hata mmoja aliyelala njaa, na madawati ya shule aliyoyachonga bila kuombwa. Yote yalikuwa kweli, na watu wa mtaa waliitikia kwa vichwa. Lakini kila alipotaja jina la Kalenga kisigino kiligonga, kwanza barazani, kisha mlangoni, kisha kati ya viti, karibu zaidi na zaidi, na harufu ya kutu ikapanda mpaka wanawake wakaziba pua kwa vitenge, na hakuna aliyethubutu kukimbia kwa sababu hakuna aliyejua akikimbia atapishana na nani.

"Nyamaza, Tharcisse!" Mama Fidélie alisema. "Usiite tena ile jina."

"Mama, ni jina ya tata."

"Hapana. Haikukuwa yake."

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba kwa miaka zaidi ya arobaini mama huyu alimwita mumewe Tata Tharcisse, baba wa Tharcisse tu, na wote walidhani ni adabu.

"Mwenye jina iko pale," alisema, akionyesha sakafu. Kwenye sementi iliyopigwa deki asubuhi kulikuwa na alama mbichi za tope: buti moja, na mguu mmoja mtupu.

"Bwana yangu alikuwa muasi," akasema kwa sauti ndogo. "Vita ilikwisha, askari banamutafuta bamuue. Akakuta mwenye jina mu pori, askari wa serikali, amelala, damu yote inje. Akafikiri amekufa. Akatwaa karatasi zake. Akavuta buti ya kwanza, na ule askari akafungua macho, akaomba maji." Akajifuta uso. "Bwana yangu akakimbia. Kwao hakuna mutu alimulilia, sababu jina yake ilikuwa ingali inatembea. Sasa amesikia kilio yake. Amekuja, anakuta mutu mwingine mu sanduku. Na ninyi mumemupa mutoto!"

"Nkambo," Chancelle alimpigia bibi yake kelele, "hapumui!"

Mdomo wa mtoto ulifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mwenye koo kavu, aliyengoja muda mrefu.

"Mu sanduku ni nani?"

Mama Fidélie alimgeukia mwanawe. "Bwana yangu aliniapisha nisiseme jina yake ya kweli," alimwambia. "Nilikuwa nashika kichwa yako, ukiwa mutoto wa kunyonya. Nikisema, ni wewe utakufa."

Tharcisse alitazama bendera na medali. Alitazama jina lililopakwa rangi nyeupe msalabani, jina lililoandikwa pia kwenye vyeti vyake vyote. Kisha akamtazama mjukuu wake, macho wazi, kucha zikigeuka buluu. Karatasi ilimtoka mkononi. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akauchukua mkono wake mkavu, akauweka juu ya kichwa chake chenye mvi.

"Sema, mama."

"Mwanangu..."

"Mu sanduku ni nani?" mtoto aliuliza tena, na safari hii sauti ilikuwa ikizama, kama ya mtu anayeenda na kitu alichokuja kukichukua.

Mama Fidélie alikaza vidole kwenye kichwa cha mwanawe. Akafumba macho, akasema kwa nguvu, mtaa wote ukasikia:

"Ni Mbayo. Bwana yangu ni Mbayo."