Dakika Kumi Bila Kalamu

Asubuhi mjini Molo kuna baridi. Wangare alikuwa jikoni, karibu na jiko, akimsuka binti yake Becky. Becky alikuwa Gredi ya Tatu.

"Saba na nane?" Wangare aliuliza.

Becky alianza kuhesabu vidole.

"Haraka, Becky."

"Kumi na... nne?"

"Nne? Na jana ulijua."

Ngigi, kaka yake Becky, akacheka. "Huyu ukimuuliza hesabu anakupea namba ya simu."

Becky akashika tumbo. "Mum, naumwa. Leo sitaki shule."

Ilikuwa hivyo karibu kila asubuhi. Wangare aliogopa mtoto ataichukia shule kabisa. Siku hiyo akampeleka mwenyewe hadi darasani, kwa mwalimu wake.

"Mwalimu Cheptanui, huyu anaogopa hesabu. Namfunza kila siku, lakini wapi."

"Mama Becky, keti hapo nyuma. Dakika kumi tu."

Watoto walifunga vitabu. Mwalimu akainua trei ya mayai. Ndani alikuwa amepanga vifuniko vya soda. Mashimo mengine yalikuwa matupu.

"Vifuniko ni vingapi? Usiseme. Ukipata, weka kidole gumba kifuani."

"Ishirini na..." Wangare akaanza.

Mtoto mmoja, Omolo, akageuka. "Mwalimu, huyu mama anatuharibia."

Darasa likacheka. Wangare naye akacheka, akaweka kidole kifuani. Waliopata mapema walitafuta njia ya pili. Wengine waliendelea kufikiri. Hakuna aliyeharakishwa.

"Ishirini na sita," Omolo alisema alipoulizwa. "Kila mstari una sita. Mistari minne imejaa, hiyo ni ishirini na nne. Halafu viwili."

Mwalimu aliandika ubaoni. Hakusema ni sawa au si sawa. "Nani ana njia nyingine?"

Kidole cha Becky kilikuwa kifuani. Mama yake akashusha pumzi.

"Ishirini na saba," Becky alisema polepole.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaandika hilo pia. "Umepataje?"

"Trei ikijaa ni thelathini. Nikatoa mashimo matupu. Ni matatu."

"Njoo utuonyeshe."

Becky akaenda, akayagusa mashimo matupu. "Moja, mbili, tatu... nne. Mwalimu, nimebadilisha. Ni ishirini na sita. Shimo moja nililiruka."

"Lakini njia yako ni fupi kuliko yangu," Omolo alisema.

Baadaye, mlangoni, mwalimu alimwambia Wangare, "Umeona? Njia yake ilikuwa nzuri. Ukimharakisha, anarusha jibu lolote ili umwache. Mpe muda. Muulize amepataje, hata akipata sawa. Na nyumbani asichekwe."

Wangare alimwambia Ngigi asimcheke tena, na yeye mwenyewe akajaribu kumpa muda. Haikuwa rahisi. Mara nyingi jibu lilimfika mdomoni akalimeza. Lakini Becky aliacha kuumwa tumbo.

Jumamosi walikuwa shambani wakipanda viazi.

"Upande huu tumepanda mistari tisa," Wangare alisema. "Ule mwingine sita. Yote ni mingapi?"

Akaendelea kuchimba. Becky alifukia kiazi kimoja, kisha kingine.

"Kumi na tano."

"Umepataje?"

"Nimetoa moja kwa sita, nikapea tisa. Ikawa kumi. Zikabaki tano." Becky akainua uso. "Na wewe, Mum, umepataje?"

Wangare aliegemea jembe. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Ngoja kwanza," alisema. "Usiniharakishe."

Becky akangoja.