Yowe Lililolaza Watu

Ukumbi wa sinema ulijaa siku ile. Filamu ya kutisha iliyotokana na gemu ilikuwa imetoa sehemu ya pili, na vijana walisukumana mlangoni kama wanagawiwa shamba. Katika msukumano huo mwanamume mrefu, shati la bluu, viatu bado vina unga, alimwaga bisi zake zote juu ya gauni la njano la dada aliyekuwa mbele yake.

"Samahani, mrembo. Nikununulie zingine?"

"Zilizomwagika ni zako."

"Basi ninunulie wewe."

Dada yule alicheka, ndipo makosa yalipoanzia. Wakakaa viti vya jirani. Dada alikuja kujisikiliza, kwani ndiye aliyemwingizia sauti mzuka wa filamu hiyo, kazi yake ya kwanza kubwa, na hakumwambia mtu. Mwanamume alikuwa mwokaji mikate. Mzuka ulipopiga yowe la kwanza, kichwa cha mwokaji huyo kililegea, kikatua begani kwa jirani yake. Dada wa watu hakusogea hata kidogo. Bega lilikufa ganzi, moyo ukawa unaelea.

Taa zilipowaka, Mwokaji alifumbua macho. "Nimekosa nini?"

"Wote wamekufa."

"Afadhali. Na wewe upo."

Zikafuata wiki za simu. Mwokaji alimwita "mto wangu", naye akamwita "gunia la unga", na kila jioni mmoja alimsubiri mwenzake akate kwanza, wala hakukata mtu. Walipotembea barabarani mji mzima ulikuwa laini, hata honi zilisikika kwa mbali.

Huku nyuma watu mitandaoni waliucheka mzuka ule mpaka mwenye sauti akamwambia bosi wa studio atafute mwingine. Jioni moja akajikaza, akauliza simuni:

"Hivi ile filamu uliionaje?"

"Mbovu, mpenzi. Kwenye gemu mzuka akilia, unalala taa zinawaka. Yule wa sinema analia kama anabembeleza mtoto. Sijui walimtoa wapi."

Safari hii alikata yeye.

"Mto wangu? Upo?"

Hakuwepo. Alikuwa ameumwa bila kupulizwa. Tangu hapo simu ya Mwokaji iliita mpaka ikachoka.

Aliyevunja ukimya ni dada mkubwa wa mwenye sauti, huku anakunja nguo za mtoto.

"Mdogo wangu, kwani kakosea wapi? Studio ilikuwa inapakwa rangi, ukarekodi humu kabatini kati ya magauni yangu, na mwanangu kalala chumba cha pili. Kila ukipanua kinywa unamkumbuka, unapunguza sauti. Ungemwamsha, ningekupiga makofi."

"Lakini amenicheka, dada."

"Amemcheka mzuka. Wewe hujamwambia ni nani."

Siku ya mwisho ya filamu ile alirudi sinema mchana, amevaa gauni lile lile la njano. Alitaka kuiaga sauti yake. Mkata tiketi, mama mwenye miwani, alimzuia kidogo mlangoni.

"Ukiingia usipige kelele. Kuna mteja wangu humo, huja kila siku akitoka kazini. Analipa, analala."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Kwenye kiti kile kile, Mwokaji alikuwa amelala, shingo imepinda. Akakaa kando yake na kumpa bega. Mzuka ulilia, ukalia tena, na kwa mara ya kwanza aliupenda.

Taa ziliwaka. Mwokaji alimtazama kwa muda, hana hakika kama ameshaamka.

"Umeninunia kwa nini?"

"Kwanza niambie, filamu mbovu unaijia kila siku?"

"Ni mbovu kweli. Ila tangu nianze kuoka usiku, mchana usingizi unanikimbia. Sauti ya yule mzuka ndiyo pekee inayonilaza. Tangu uninyamazie ndiyo nimezidi kuihitaji. Na leo wanaiondoa."

Alimwinamia sikioni, akapiga yowe lile, polepole, kama alivyolipiga kabatini.

Mwokaji alishika mkono wa kiti. Machozi yalimlengalenga. "Ni wewe."

"Walinitoa kabatini."

"Nisamehe, mto wangu."

"Nilikusamehe ulipokuwa umelala. Kesho nampigia bosi wa studio, nirudi kazini."

"Na mimi kuanzia kesho nitalala wapi?"

Alimpangusa unga kwenye kola, taratibu, hana haraka.

"Nenda kamwone dada yangu, posa yangu anapokea yeye."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie hujalala."